Kutoka Mahé hadi Mombasa kwa boti ya tanga: namna ya kumaliza dosari ndogo njiani

Mwongozo huu ni wa watu watatu au wanne wenye boti ya tanga ya futi 35 hadi 45, waliotia nanga Victoria, kwenye kisiwa cha Mahé, Seychelles, na wanaotaka kufika Mombasa wakati wa kusi. Safari ni takriban maili 945 za baharini. Boti inayokwenda noti 5 (maili tano za baharini kwa saa) itachukua siku nane, usiku na mchana. Ya noti 6, siku sita na nusu. Njia ni rahisi kuieleza: upepo unakupiga nyuma upande wa kushoto, nchi iko mbele magharibi, na katikati hakuna pa kutia nanga.

Watu wanaojiandaa kwa safari hii huniuliza kuhusu dhoruba. Mimi huwauliza kuhusu filta ya dizeli, kamba iliyoanza kulika, mpira wa choo unaolegea, na yule mwenzao anayetapika akiona wimbi. Kila dosari ya namna hiyo humalizwa kwa nusu saa ikiwa peke yake. Zikikutana tatu usiku mmoja, watu wamechoka na mvua inanyesha, ndipo chombo kizima kinapotaabika. Basi yote yaliyo hapa chini yanalenga jambo moja: dosari imalizwe saa ile ile ionekanapo, kabla haijapata mwenzake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Oktoba, na kilele chake ni Julai na Agosti. Siku nyingi utakuwa na noti 15 hadi 25 kutoka kusini-mashariki, na mawimbi ya mita mbili hadi tatu. Usitoke mapema mno. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, wakati ambapo wengi walidhani msimu wa vimbunga umekwisha. Mimi napendelea Juni, au Septemba upepo unapoanza kupungua makali. Kaskazi haifai kwa njia hii ukiwa na watu wachanga wa bahari, maana pepo zake hazina uhakika karibu na Seychelles na mkondo katika latitudo hizo hurudi mashariki.

Angalia pia mwezi wa mbinguni. Karibu na ikweta usiku ni wa karibu saa kumi na mbili. Ukipanga siku za mwisho ziangukie mbalamwezi, utaikaribia pwani ya Kenya ukiona kilichoko mbele yako.

Hatua ya 2: Itikise boti kabla bahari haijaitikisa

Boti iliyokaa wiki nyingi kwenye maji matulivu ya Victoria hudanganya. Uchafu wote wa tangi la dizeli umetuama chini, na injini inawaka vizuri kila asubuhi. Siku utakayotoka kwenye mawimbi, uchafu huo utainuka na kuingia kwenye mpira wa mafuta.

Kwa hiyo nenda kisiwa cha Praslin na urudi kwanza. Ni kama maili 25 kila upande, na wakati wa kusi mlango wa bahari ulioko kati ya visiwa hivyo una chachari ya kutosha. Washa injini njiani kwa saa nzima. Ukirudi, fungua kikombe cha filta ya kwanza, mimina dizeli yake kwenye chupa ya kioo, uiache itulie dakika kumi, kisha uinyanyue kwenye mwanga. Dizeli safi inapitisha nuru. Ukiona maji yamejitenga chini, au utando mweusi kama kamasi, usiondoke. Tangi linyonywe kutoka chini kabisa, lisafishwe, ndipo lijazwe upya. Beba filta sita za akiba, za aina zote mbili injini yako inazotumia.

Safari hiyo hiyo itakuonyesha dirisha linalovuja, sufuria inayoruka, na nani anaugua bahari. Andika yote. Rekebisha yote ungali kwenye duka la vipuri, si baadaye.

Mambo mengine ya bandarini nayapitia haraka. Mpandishe mtu mlingotini akague kila pini na kila waya. Kila tundu linalopita kwenye ubavu wa boti chini ya maji lifungiwe kizibo cha mbao laini kwa kamba, pale pale lilipo, ili usiku usitafute. Maji ya kunywa na kupikia yahesabiwe lita 4 kwa mtu kwa siku, na uhesabu siku 14, hata kama unatarajia nane: watu watatu ni lita 168. Yasikae yote kwenye tangi moja. Weka theluthi kwenye majerikeni, maana tangi likichafuka au likipasuka bado mtakunywa. Kifaa cha kuitia msaada kwa setilaiti, kile cha 406 MHz, kiandikishwe kwa jina la boti hii hii, na namba ya ndugu aliyeko nchi kavu anayejua mpango wenu.

Kuhusu maharamia: eneo la hatari lililowekwa na kampuni za meli katika Bahari ya Hindi lilifutwa tarehe 1 Januari 2023, lakini mwisho wa mwaka huo utekaji ulianza tena upande wa Somalia. Toa taarifa ya safari yako kwa UKMTO (ofisi ya Uingereza inayofuatilia usalama wa vyombo katika bahari hii) kabla ya kuondoka, na kaa kusini. Njia ninayoieleza haikusogezi kaskazini ya nyuzi 4 kusini mpaka unaingia Mombasa.

Hatua ya 3: Siku ya kuondoka

Ondoka asubuhi, watu wakiwa wamelala vizuri na wamekula chakula kisicho na mafuta mengi. Wanaougua bahari wanywe dawa yao saa kadhaa kabla ya kung'oa nanga. Dawa inayomezwa baada ya kichefuchefu kuanza hurudi na chakula. Sinarizini inapatikana katika maduka mengi ya dawa, lakini ijaribiwe nchi kavu kwanza, kwani huwalaza baadhi ya watu.

Tweka tanga kuu likiwa limeshapunguzwa mkunjo mmoja, hata kama upepo bandarini ni mwanana. Zunguka ncha ya kaskazini ya Mahé, pita kati yake na kisiwa cha Silhouette, kisha elekea magharibi. Saa za kwanza uko juu ya uwanda wa chini ya bahari wa Seychelles, ambako kina ni makumi ya mita tu na mawimbi ni mafupi, yamesongamana. Sakafu ikishashuka kwenye maelfu ya mita, mawimbi hurefuka na boti hupumua. Waambie wagonjwa hilo; kujua kwamba hali itabadilika husaidia.

Ukishaipita Silhouette, shika latitudo ya nyuzi 4 na dakika 30 kusini na uende nayo. Utaviacha visiwa vya Amirantes upande wako wa kushoto; kilicho karibu zaidi ni African Banks, vijisiwa vya chini visivyoonekana kwa mbali, maili kama 23 kusini ya mstari wako. Mstari huo ukiendelezwa hadi mwisho unagonga Msambweni, si Mombasa. Sababu iko kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Zamu, na mzunguko wa tochi

Zamu za saa tatu tatu zinatosha: saa mbili usiku hadi saa tano, saa tano hadi saa nane, saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri. Anayepokea zamu asikae kwanza. Ashike tochi, ajifunge mkanda wa usalama, azunguke na mwenzake anayetoka. Waangalie ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), kamba zote zinazopita kwenye vyuma, volti za betri, na upeo wa macho pande zote. Dakika tano. Kisha waandike kwenye daftari, hata kama ni neno moja: salama.

Asubuhi, mwanga ukitosha, mtu mmoja atembee sitahani kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) akitazama chini. Anatafuta vitu vidogo: skrubu, pini, kipande cha plastiki, uzi. Kitu chochote kilichookotwa sitahani kimetoka mahali. Usikitie mfukoni ukaendelea na chai. Pini ndogo ya chuma inayolingana na kucha ya kidole gumba inaweza kuwa ndiyo iliyozuia pini kubwa isichomoke kwenye waya unaoshikilia mlingoti. Inua darubini, fuata kila waya kwenda juu mpaka upate tundu lililo wazi. Usipolipata kwa macho, punguza tanga upande huo, funga henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba badala ya waya unaoutilia shaka, ndipo utafute zaidi.

Hatua ya 5: Dosari zenyewe

*Maji kwenye ngama.* Wahenga walisema tezi na omo, marejeo ngamani, na kwenye boti ni hivyo hivyo: kila kinachovuja huishia pale. Ukiona maji yameongezeka, chovya kidole uonje. Yakiwa hayana chumvi, tangi lenu au bomba la jikoni linavuja. Hamzami, lakini mnapoteza maji ya kunywa, kwa hiyo funga pampu ya maji sasa hivi. Yakiwa ya chumvi, anza nyuma: pale mhimili wa rafadha (propela) unapotoka nje. Aina za zamani hudondosha tone moja moja mhimili unapozunguka, na hilo ni la kawaida. Zikidondosha na injini imezimwa, kaza nati zake robo mzunguko, zote mbili sawasawa. Kisha mipira ya choo na ya sinki, kisha sehemu ya usukani, kisha kisanduku cha amari (kamba au mnyororo wa nanga) kule omoni, ambacho hunywa maji kila wimbi linapopanda. Kausha ngama kabisa kwa sponji baada ya kupata tundu. Ngama kavu ndiyo itakayokuonyesha kama umepata tundu sahihi.

*Injini inazima.* Karibu kila mara ni mafuta. Usiendelee kubonyeza stata: kwenye boti nyingi maji ya kupozea hujaa kwenye njia ya moshi na hatimaye hurudi ndani ya injini. Mna tanga, mna upepo, hakuna haraka. Badilisha filta ya kwanza, ijaze dizeli safi kabla ya kuifunga, kisha toa hewa: legeza skrubu ya juu ya filta ya pili, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na itoke dizeli tupu, kaza. Weka matambara chini, maana dizeli ikimwagika ndani ya boti inayoyumba, harufu yake itaangusha hata waliopona. Ikiwa injini inawaka lakini inachemka, tazama kama maji yanatoka nyuma. Yasipotoka, funga tundu la kuingizia maji, safisha kichujio chake, kisha fungua impela, kigurudumu kinachosukuma maji ya kupozea. Mabawa yake ya mpira yakiwa yamekatika, vipande vyake vitafutwe mpaka vyote vipatikane. Vikiachwa vitaziba mbele.

*Kamba kulika.* Siku nane za upepo wa upande mmoja maana yake kamba ile ile inasuguliwa mahali pale pale kwa siku nane. Kila mwanzo wa zamu, achia au vuta demani (kamba ya kukaza na kulegeza tanga) na henza shibiri moja, ili sehemu iliyokuwa kwenye chuma isogee. Kazi hiyo haichukui dakika, nayo inaokoa kamba. Palipo na msuguano usioepukika, vika kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa, ufunge kwa uzi. Na kwa kuwa upepo uko nyuma yako, hakikisha ule mti wa mlalo unaoshika chini ya tanga kuu umefungwa kwa kamba kwenda omoni. Tanga likigeuka lenyewe usiku, mti huo hupita sitahani kwa nguvu ya kuua mtu. Naliomba hili kwa kila nahodha anayesoma: ifungwe kabla ya giza, kila siku, hata upepo ukiwa dhaifu.

*Tanga kuchanika.* Litue mapema. Tundu la kidole huwa mpasuko wa mita kwa wimbi moja. Lisuuze eneo hilo kwa maji yasiyo na chumvi, likauke, bandika kiraka cha gundi pande zote mbili, kisha lishone kingo kwa sindano ya matanga na uzi uliotiwa nta. Gundi peke yake haidumu kwenye tanga lililolowa chumvi.

*Umeme.* Hili huwashangaza watu wengi. Julai na Agosti jua liko kaskazini yako saa sita mchana, na tanga lako limetandazwa upande huo huo wa kaskazini. Paneli za sola zinakaa kwenye kivuli cha tanga sehemu kubwa ya siku, na mawingu ya kusi huongezea. Usitegemee hesabu ya bandarini. Betri ya kawaida ya asidi ikishuka volti 12.2 iko karibu na nusu. Zima friji kwanza, taa za mlingoti na redio ziendelee kuwaka. Otopailoti ikikataa, anza na fyuzi na waya zilizoshika kutu kabla ya kufungua mashine yenyewe. Mkilazimika kushika usukani kwa mkono, fupisha zamu ziwe za saa moja moja na punguza tanga kuu zaidi: boti itakuwa polepole kidogo, lakini usukani utakuwa mwepesi.

*Kitu kwenye rafadha au usukani.* Victoria ni bandari kubwa ya jodari, na nje kule yanaelea machelezo ya kuvutia samaki, yenye nyavu na kamba zinazoning'inia chini. Mengine yamekatika na kupotea. Boti ikipunguza mwendo bila sababu, usiwashe injini. Tua matanga, tazama chini kwa kamera au darubini ya kioo, jaribu kukata kwa kisu kilichofungwa kwenye upondo. Kupiga mbizi chini ya boti inayopanda na kushuka mita mbili ni jambo la mwisho kabisa. Na mtu akishuka, awe amefungwa kamba, amevaa kofia ngumu, mwingine akimtazama bila kufanya kazi nyingine yoyote. Mara nyingi jibu bora ni kuiacha kamba ilivyo, kwenda kwa tanga, na kuikata kwenye maji matulivu.

*Moto na mvuke jikoni.* Mpishi avae suruali na aproni, miguu isiwe wazi. Akiungua, mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, kinga kwa beseni na uyamimine tena. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta ya kula. Funika kwa nailoni safi ya chakula. Gesi ifungwe kwenye mtungi kila baada ya kupika, kwa sababu ni nzito kuliko hewa: ikivuja hushuka ngamani na kungoja cheche.

*Anayetapika.* Akifikisha siku nzima bila kushika maji, huyo ndiye dosari kubwa kuliko zote ndani ya boti. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Apewe kijiko kimoja kila dakika chache, si kikombe. Alale chini, karibu na katikati ya boti, na asipewe zamu peke yake. Msimcheke.

Hatua ya 6: Kuikuta nchi

Hapa ndipo utakapoelewa Msambweni. Kando ya pwani yetu kuna mkondo unaokwenda kaskazini mwaka mzima hapa kwetu, na wakati wa kusi hufika noti 3 hadi 4 mahali pengine. Upepo nao, ukikaribia bara, huegemea zaidi kusini. Vyote viwili vinakusukuma upande mmoja. Atakayelenga Mombasa moja kwa moja ataikuta Kilifi au Malindi, kisha atalazimika kubisha kurudi kusini dhidi ya upepo na mkondo, watu wamechoka. Wako waliotumia siku mbili kurudi maili 40.

Kwa hiyo shikilia latitudo yako mpaka maili kama 60 kutoka pwani, ukiielekeza omo kusini zaidi kadiri mkondo unavyozidi. Tazama mwendo wa juu ya ardhi kwenye GPS, si dira peke yake. Dira itasema magharibi huku boti ikiteleza kaskazini. Usiegemee kusini kupita kiasi pia, kwani ncha ya kaskazini ya Pemba, Ras Kigomasha, iko maili 48 tu kusini ya Mombasa.

Fanya hesabu ya saa ya kufika siku mbili kabla. Mombasa ina taa na njia iliyowekewa maboya, lakini ufike kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Karibu na pwani utakuta mashua na ngalawa za wavuvi zisizo na taa, na meli kubwa zinazosubiri zamu ya kuingia. Ukiona utafika usiku, punguza tanga ukiwa bado maili 100 nje. Kusimamisha chombo karibu na mlango wa bandari na kulala mpaka asubuhi ni hesabu mbaya: mkondo wa noti 3 kwa saa kumi ni maili 30, nawe utaamkia Kilifi.

Angalia jedwali la maji. Wakati wa bamvua maji ya Mombasa hupanda na kupwa karibu mita nne, na mlangoni huwa na kasi. Ingia maji yakijaa. Ita bandari kwenye chaneli 16 kabla ya kufika kwenye maboya ya nje, weka bendera ya njano, na uwe na cheti cha kuondokea kutoka Seychelles, orodha ya mabaharia na pasipoti mkononi. Wageni wanaotakiwa kuwa na idhini ya kusafiri ya Kenya wawe wameiomba kwa mtandao kabla ya kuondoka Victoria; utaratibu huo ulianza Januari 2024. Mpaka afya, uhamiaji na forodha wamalize kazi yao, nahodha peke yake ndiye ashuke.

Wengine wakisubiri, wachukue lile daftari la zamu na wanakili kila dosari iliyofungwa kwa muda: kiraka, kizibo, kamba iliyovikwa mpira, nati iliyokazwa robo. Fundi aitwe kesho yake, wakati kila mtu bado anakumbuka ilikuwa wapi na ilianzaje.